Kwa Sasa Hatuna Tomato Sosi

Julai 3

Mvua tangu alfajiri. Mpishi mpya, Bwana Corrado, amefika kutoka Italia na masanduku mawili, moja la nguo na moja la visu. Bi Suwanni, mwenye mgahawa, alimvisha shada la yasmini mlangoni akamwambia kwamba kuanzia leo jiko ni lake. Alimwambia kupitia mimi. Mimi ni karani tu: napanga risiti, naagiza unga, nafuatilia bili ya umeme. Lakini kwa kuwa hapa ni mimi peke yangu niliyesoma Kiingereza mpaka chuo kikuu, nimefanywa pia mdomo wa Bwana Corrado. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilisema nimefurahi sana.

Julai 5

Leo mpishi alitupikia sisi wafanyakazi. Unga ulilala siku mbili kwenye friji, nyanya alizisaga kwa mkono, na jibini ilitoka Bangkok kwa ndege. Kipande cha kwanza nilikila kwa heshima, cha pili kwa uroho. Sijawahi kula piza ya namna ile.

Dada Lamduan, mhudumu mkuu, aling'ata mara moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Akatoa kipakiti cha tomato sosi, akakichana kwa meno, akachora mistari miwili myekundu juu ya kazi ya siku mbili. Bwana Corrado alikuwa amesimama mbele yake.

"Amefanya nini huyu?" aliniuliza.

"Ameipenda," nilisema.

Nilitamani sakafu ifunguke. Tunajulikana dunia nzima kwa chakula, halafu tunaonekana hivi! Sosi juu ya piza, sosi juu ya nyama ya kuchoma, sosi kwenye ule wali wa zabibu na soseji tunaouita wa Kimarekani, ambao Mmarekani akiuona anauliza ni wa nchi gani.

Julai 6

Nilimkabili Dada Lamduan kwenye stoo.

"Dada, yule mtu amevuka nusu ya dunia kuja kutupikia."

"Na mimi nimekula sahani nzima. Anataka nile na sahani yenyewe?"

"Lakini umeifunika!"

"Mek, mdogo wangu, mbona unaililia piza kama umefiwa? Jibini ile inakinaisha. Nikitia kitu kidogo cha uchachu na utamu, inashuka. Bila hicho, kipande cha pili hakipiti hapa." Akajigusa koo.

Nilitoka na hasira zangu. Amefanya kazi hapa tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na bado hajifunzi.

Julai 11

Watawa wameingia kwenye makazi yao ya miezi ya mvua. Gwaride la mishumaa lilipita barabara kuu, mji wetu wote wa Ubon ukamwagika nje, na mgahawa ukafurika. Kila meza iliomba tomato sosi. Kila meza! Bwana Corrado alisimama kwenye kidirisha cha jiko akitazama piza zake zikigeuka nyekundu moja baada ya nyingine. Usiku aliniita. Anataka tangazo mlangoni na juu ya kila meza. Nilinukuu maneno yake: "Katika nyumba hii tomato sosi ni marufuku. Asiyeheshimu chakula akale kwingine." Alitaka liandikwe kwa lugha yetu kesho.

Julai 12

Nimeshindwa.

Nimekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Nikiandika "marufuku" namwona mwalimu wangu wa darasa la nne akisoma. Nikiandika "akale kwingine" namwona shangazi yangu, aliyenisomesha kwa bakuli za tambi, akiwa amevaa viatu vyake vya siku ya sherehe, anasoma, anageuka, anarudi nyumbani na njaa. Nani anamwandikia mgeni aliyekuja kula kwamba aende zake? Hata askari wa barabarani hawatuandikii hivyo.

Lakini nisipoandika, mpishi atamwambia Bi Suwanni kwamba karani wake ni mzembe, na kazi yenyewe nimeipata juzi.

Saa nane mchana nilichapa hivi: "Tunaomba radhi kwa dhati kwa usumbufu. Kwa sasa hatuna tomato sosi. Tunawashukuru kwa uvumilivu wenu."

Bwana Corrado aliishika karatasi akaitazama kama mtu anayetazama picha. "Ni kali?"

"Ni wazi kabisa," nilisema.

Bi Suwanni alipita, akaisoma mlangoni, akanyoosha fremu yake iliyokuwa imeegemea upande, akaenda zake. Dada Lamduan aliisoma mara mbili. "Maneno ya adabu," alisema, akanitazama kidogo zaidi ya kawaida.

Julai 15

Mvua. Wateja wachache. Hakuna aliyegomba.

Julai 19

Fundi pikipiki wa jirani alilipa, akaniinamia sikioni: "Biashara mbaya, eh?"

"Kawaida tu, kaka."

"Mimi si mtu wa kutangaza. Poleni." Akaniachia chenji yote.

Sikuelewa mpaka jioni, alipokuja mama mmoja anayefanya kazi benki na mwanawe. Aliagiza piza ya jibini nne, kisha akafungua mkoba na kutoa chupa mpya ya tomato sosi, bado ina kifuniko cha plastiki. Alimimina, akafunga, akampa Dada Lamduan kwa mikono miwili. "Iliyobaki bakini nayo. Wenzenu nao wataihitaji."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wanadhani tumefilisika.

Julai 26

Chupa nne wiki hii. Mwalimu mstaafu ameleta ile kubwa ya familia. Anasema mumewe naye aliwahi kufungua mgahawa ukafa, kwa hiyo anaujua uchungu wake.

Dada Lamduan anazificha nyuma ya magunia ya unga. Mteja akiomba, anaipeleka chini ya trei, anaimimina mwenyewe haraka kama anatia dawa, anairudisha.

"Dada, tangazo linasema hatuna."

"Sisi hatuna. Hii ni ya mama wa benki."

Agosti 2

Bwana Corrado amenituma niwaulize wateja, kwa heshima, kwa nini. Anataka kuelewa, anasema. Nilitembea mezani na kijitabu kama mtu wa sensa.

Dereva wa lori: "Kwa nini nini? Chipsi zina sosi, kuku ana sosi, piza ikose ina dhambi gani?"

Wasichana wa chuo cha uuguzi: "Jibini tupu inakinaisha, kaka. Kwani wewe unaila kavu? Huyu anaila kavu, jamani!" Wakanicheka mpaka nikasahau kuandika.

Mzee wa posta: "Piza yangu ya kwanza niliila Bangkok, nilipopelekwa kwenye mafunzo. Ilikuja na vipakiti vya sosi pembeni. Nikajua ndivyo inavyoliwa. Nani aliniambia vingine? Mpaka leo hakuna."

Bwana mmoja mwenye tai: "Kwa sababu ipo." Akafikiri. "Yaani, ilikuwepo. Poleni sana."

Nilimpelekea Bwana Corrado majibu yote isipokuwa hilo la mwisho. Alisikiliza mikono ikiwa na unga. "Kwa hiyo hakuna sababu," alisema.

Iliniudhi, na sijui kwa nini, kwa sababu mwezi uliopita mimi mwenyewe ningesema vilevile. Sababu alipewa. Zilikuwa nyingi, na alizisikia zote.

Agosti 12

Siku ya Mama hapa kwetu. Yasmini kila mahali, piza themanini, chupa sita.

Agosti 17

Jumapili nilikuwa kwa shangazi, kwenye kibanda chake cha tambi. Mvua ilipiga mabati mpaka tukawa tunapigiana kelele. Kila meza ina vile vikopo vyake vinne: sukari, pilipili ya unga, siki yenye pilipili, mchuzi wa samaki. Mteja mmoja alitia sukari vijiko vitatu kabla hata hajaonja.

"Shangazi, haikuumi? Umesimama juu ya sufuria hiyo tangu saa tisa usiku."

"Iniume nini?"

"Hajaonja!"

"Anaujua mdomo wake. Mimi nitaujuaje?" Akapangusa meza. "Yule asiyegusa kopo hata moja ndiye ananitia wasiwasi. Huwa namuuliza kama anaumwa."

Nilikula bakuli langu. Nilitia siki, nikatia pilipili, nikaongeza sukari kidogo. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na sikuwahi kuona mkono wangu ukifanya.

Agosti 21

Bwana Corrado ana homa. Mvua za kwetu zimempata. Dada Lamduan alimpikia uji wa mchele na nyama ya nguruwe, tangawizi, vitunguu vya majani, akampelekea chumbani kwake ghorofa ya juu, mimi nyuma yake kutafsiri. Aliuonja. Akaomba kipande chake cha jibini ngumu na kikwaruzio. Akaukwaruzia uji jibini mpaka ukawa mweupe juu, akamimina na mafuta ya zeituni.

Nilimtazama Dada Lamduan. Alikuwa anatabasamu. "Muulize kama sasa umekaa sawa."

Umekaa sawa, alisema, akala wote.

Dada Lamduan alishuka ngazi akiimba. Mimi nilishuka nimekunja ngumi. Hakuna aliyemwambia kwamba hajaheshimu uji.

Agosti 29

Amepona. Kaingia stoo kutafuta unga, akazikuta. Chupa ishirini na kitu.

"Nani ananunua hizi?"

"Wateja wanaleta," nilisema.

"Kwa nini mteja alete sosi kwenye nyumba iliyomwambia ni marufuku? Wananidhihaki?"

"Hapana. Ni... desturi."

Neno hilo limeniokoa mara nyingi mbele yake. Mgeni akiambiwa desturi, hunyamaza. Lakini safari hii alimtazama Dada Lamduan, aliyekuwa anakunja vitambaa mlangoni, na nikaona amepata mtu wa kumlaumu.

Septemba 3

Mto Mun umepanda. Upande wa Warin, ng'ambo ya mto, watu wameanza kupandisha magodoro juu.

Septemba 6

Mvua.

Septemba 7

Mvua. Bwana Corrado hasemi tena na Dada Lamduan, hata kwa ishara. Anazungumza na mimi ili mimi nimwambie yeye, hata akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. "Mwambie meza ya tatu inasubiri." Dada anaiona meza ya tatu! Ana macho!

Septemba 14

Leo mchana alikuja Bibi Thongbai, bibi wa zaidi ya miaka themanini, na ukoo mzima: watoto, wajukuu, mtoto mchanga mmoja. Wajukuu walitaka piza, naye ndiye aliyekuwa analipa. Walikula, wakacheka, wakapiga picha. Bwana Corrado alitoka jikoni kwa sababu ya vicheko, nadhani alifurahi, alikuwa anajipangusa mikono na kutabasamu. Bibi alipomwona aliinuka kwenye kiti, akishikwa na binti yake.

"Huyu ndiye mpishi? Mbona amekonda hivi! Kijana, mwambie piza yake tamu. Halafu mwambie nimemletea hii."

Akatoa chupa kwenye mfuko wa kitambaa. Akaishika kwa mikono miwili.

"Mwambie apokee, asione haya. Mvua hii imetubana sote. Mwaka ule wa mafuriko makubwa hata mimi niliomba chumvi kwa jirani. Itapita."

Bwana Corrado aliniangalia. "Anasema nini?"

Nilisema: "Anashukuru kwa chakula."

"Na hiyo chupa?"

"Ni zawadi."

"Zawadi," alisema. "Ananiletea hii, kama zawadi, ndani ya jiko langu."

Aliichukua kwa mkono mmoja. Akatembea mpaka kwenye pipa la taka karibu na kaunta ya vinywaji, akaiachia. Haikuvunjika. Ilitoa mlio mmoja mzito. Kisha akarudi jikoni.

Bibi alinigeukia. "Imeharibika? Jamani, nimeinunua jana tu."

Nami, Mungu anione, nilisema: "Nadhani muda wake umepita, bibi. Samahani."

Basi yule bibi akaunganisha viganja vyake, akaviinua mpaka usoni, akakiinamia kidirisha cha jiko na kumwomba radhi mtu wa umri wa mjukuu wake kwa kumletea kitu kibovu. Mjukuu mmoja wa kiume aliuma meno, nilimwona. Alijua. Hakusema. Walilipa, wakashukuru, wakaondoka kwenye mvua.

Nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Namkasirikia yeye kwa pipa lake. Namkasirikia yule mjukuu kwa kuuma meno badala ya kufungua mdomo. Lakini ni mimi niliyesimama katikati ya watu wawili na kumdanganya kila mmoja wao.

Septemba 15

Ofisini kwa Bi Suwanni. Bwana Corrado alisema, mimi nikatafsiri: mhudumu mkuu anawachochea wateja walete chupa ili kumdhalilisha. Ama yeye, ama mpishi.

Bi Suwanni aligeuza pete kidoleni. "Lamduan, ni wewe uliyewaambia walete?"

"Sikuwaambia, bosi."

"Basi nani?"

Dada Lamduan alinitazama. Ilikuwa fupi kama kupepesa jicho. Kisha akatazama sakafu.

"Sijui, bosi. Ila zilipokuja, nilizipokea mimi."

"Mm." Pete ikazunguka. "Umechoka wewe. Pumzika nyumbani kwanza, mpaka mvua ziishe."

Hapa kwetu mtu hafukuzwi, hupumzishwa. Baba yake rafiki yangu Nok, wa kiwanda cha barafu, alipumzishwa mwaka juzi na bado anapumzika. Dada Lamduan anamlea mjukuu wake peke yake na nyumba yake iko Warin, maji yako mlangoni.

Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani. Nilikuwa nimesimama pale, mdomo ninao. Sikuufungua.

Septemba 16

Sikula.

Septemba 18

Mhudumu mpya amevunja glasi tatu. Bwana Corrado ananiuliza kwa nini nimekuwa kimya. Nimesema ni jino.

Septemba 20

Nilikwenda kwa Bi Suwanni. Nilijizoeza maneno tangu asubuhi, hata hivyo yalitoka yamepinda.

"Bosi, kuhusu Dada Lamduan. Wateja walileta chupa kwa sababu ya tangazo. Tangazo lenyewe... mimi ndiye... halikusema alichosema mpishi."

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Mek, mimi ninasoma tangu nina miaka minne. Liko mlangoni kwangu. Nalipita kila siku."

"Ulijua siku ile ofisini?"

"Wewe hukujua?"

Akanimiminia chai, kwa upole kabisa. "Tangazo zuri. Watu wametuhurumia, wamekuja. Agosti haijawahi kuwa nzuri hivi. Mpishi akijua, atajiona mjinga, ataondoka, na mkataba wake nimeshaulipia. Lamduan ni mtu mzima, anaelewa. Msimu ukitulia tutaona. Usimuumize mtu bure."

Usimuumize mtu bure! Nilitoka nje nikasimama mvuani bila mwavuli. Fundi pikipiki alilisoma tangazo. Mama wa benki, mjukuu wa Bibi Thongbai, wapishi wasaidizi, yule anayeleta barafu, kila mwenye macho katika mji huu alisoma maandishi yangu, na kila mmoja alinyamaza ili asimuumize mtu. Na katika huruma yote hiyo mtu mmoja ameumia, naye hatumtaji. Hii ni adabu ya namna gani? Nimelelewa nayo, naipenda, ndiyo iliyoleta zile chupa. Lakini leo imenichefua.

Septemba 21

Leo nimesema. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Bwana Corrado alikuwa jikoni peke yake anapima chumvi. Nilifunga mlango.

"Tangazo halisemi ulichoniambia," nilisema.

"Linasema nini?"

"Linasema tunaomba radhi, kwa sasa hatuna tomato sosi."

Aliweka kijiko chini. "Na chupa?"

"Walidhani huwezi kununua. Walikuletea."

"Wote?"

"Wote. Yule bibi alisema upokee, usione haya, mvua imetubana sote. Alisema hata yeye aliwahi kuomba chumvi kwa jirani. Ulipoitupa alidhani amekupa kitu kibovu. Alikuomba radhi. Mimi sikukutafsiria hata neno moja."

Alikaa juu ya gunia la unga. Uso ulianza mwekundu, ukawa mweupe.

"Miezi miwili," alisema, "mji mzima unanionea huruma."

"Ndiyo."

"Na Suwanni?"

"Alilisoma siku ya kwanza."

Alitukana kwa lugha yake. Nadhani alinitukana mimi, na nilistahili. Kisha akauliza, sasa kwa sauti nyingine: "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Usingependa."

"Na sosi yenyewe? Safari hii niambie ukweli, usiniambie desturi."

Basi nikamwambia, na hofu ilikuwa imeniishia, imebaki hasira tu. Nilimwambia kwamba kwetu mpishi hamalizi chakula. Anakifikisha karibu, kisha anamwachia mlaji nafasi, na ndiyo maana ya vikopo vinne. Mlaji anajua leo mdomo wake unataka nini, kama amechoka, kama jibini imemkinaisha, kama anataka uchachu. Hamsahihishi mpishi. Anapokea chakula na kukifanya chake. "Wewe umemaliza kila kitu peke yako," nilisema. "Umetuachia kazi moja tu, kumeza. Na ulipoumwa ulipewa uji, ukaukwaruzia jibini, na aliyeupika alikuuliza kama umekaa sawa. Huyo ndiye uliyemfukuza."

Sauti yangu ilikuwa juu. Wapishi wasaidizi walikuwa wamesimama kwenye kidirisha.

Bwana Corrado alivua kofia yake. "Tomato sosi juu ya piza bado ni uovu," alisema. "Nitakufa nikisema hivyo." Akaifinyanga kofia. "Lakini ile chupa nilipaswa kuipokea." Akainuka akaenda kugonga mlango wa Bi Suwanni, akanikataza nimfuate. Walizungumza bila mkalimani. Sijui walielewana vipi. Nilisikia jina la Lamduan mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

Septemba 22

Bi Suwanni hakunisalimia.

Septemba 25

Hakunisalimia. Ameondoa tangazo kwa mkono wake mwenyewe.

Septemba 28

Nilivuka kwenda Warin. Barabara ya nyuma ni mto sasa, nililipa mtu wa mtumbwi. Dada Lamduan yuko ghorofa ya juu na mjukuu wake, jiko la gesi, magunia ya mchele na kuku wawili ndani ya kapu. Nilimweleza kila kitu. Nilitegemea, sijui, machozi pengine.

"Nani alikutuma?" alisema.

"Hakuna, dada. Nilishindwa kuvumilia."

"Ulishindwa wewe! Mimi nilivumilia, nikakuficha, nikakaa hapa na kuku. Leo umekwenda kumvua nguo bosi mbele ya mgeni, kwa jina langu. Sasa nitarudi pale na uso gani? Nikimtazama atajua najua. Nikimwinamia atadhani namkejeli."

"Kwa hiyo ningenyamaza?"

"Ungesema Septemba kumi na tano! Tulipokuwa wote chumbani, mdomo ukiwa bado una maana. Mimi nilikutazama, Mek. Nilikutazama."

Alinipakulia wali na samaki wa kukaanga, akausukuma mbele yangu kwa nguvu hivi kwamba mchuzi ulimwagika. "Kula. Umekonda kama yule mpishi wako."

Nikala. Alinitazama nikila, bado amekasirika.

"Mwambie nitarudi," alisema mwishoni. "Lakini siji mwenyewe. Aliyeniambia nipumzike aje aniambie nimepumzika vya kutosha. Kwa mdomo wake, si kwa wako."

Septemba 29

Nilimwambia Bi Suwanni maneno hayo kama yalivyo, bila kulainisha hata moja. Alisikiliza akiandika kitu. Hakuinua kichwa.

Oktoba 2

Hakuna kitu.

Oktoba 4

Mvua imekatika mchana. Hakuna kitu.

Oktoba 6

Kesho watawa wanatoka kwenye makazi yao ya mvua. Saa nne asubuhi Bi Suwanni alikuja mezani kwangu amevaa hariri ya zambarau, ile ya kwenda hekaluni. "Twende," alisema. Hilo ndilo neno la kwanza kuniambia tangu nilipomwambia mpishi ukweli.

Mtumbwi uliyumba. Alikaa katikati, mkoba juu ya mapaja, mgongo umenyooka. Mbele ya nyumba ya Dada Lamduan maji yalikuwa yameshuka kidogo, na mtumbwi ukakwama kwenye matope kabla ya kufika ngazi. Mwenye mtumbwi alisema tungoje ausukume. Bi Suwanni hakungoja. Alivua viatu, akashuka ndani ya maji ya kahawia mpaka magotini na hariri yake, akasimama chini ya dirisha.

"Lamduan!"

Dada Lamduan alitokea juu, mjukuu kiunoni.

Bosi alifungua mdomo akaufunga. Nilidhani atasema kuhusu hali ya hewa. Maji yalikuwa yanasukuma majani na chupa tupu kupita miguu yake.

"Nilijua si wewe," alisema. "Nikakuacha uende. Rudi kazini."

Kuku walilia ndani. Dada Lamduan alimhamishia mjukuu kiuno cha pili, akaunganisha viganja namna alivyoweza, na bosi, akiwa mle majini, naye akaviunganisha vya kwake, hakuvishusha mpaka Dada Lamduan aliposhusha vyake.

"Panda juu, bosi, utapata homa," alisema. "Na wewe Mek, unashangaa nini? Mshike mkono!"

Wakati wa kurudi tulikuwa watatu, mtoto, na kapu la kuku. Tulifika ng'ambo. Bi Suwanni alikamua pindo la sketi yake, akamwambia Dada Lamduan kwamba glasi zimebaki tisa.

Mimi hakuniambia kitu. Hajaniambia kwamba kazi ninayo na hajaniambia kwamba sina. Mshahara wa Septemba haujaingia, na kwenye ratiba ya wiki ijayo nafasi ya jina langu imeachwa wazi. Mwezi uliopita ningekaa nyumbani kesho, nikaelewa kimyakimya, nikapumzika.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mezani kwangu. Kama hawanitaki, waseme.